Baruti Inayoogopa Jua

Wewe uligeuza uso. Usijifanye hukuwepo. Ilikuwa pikiniki ya mwaka tisini na sita, kwenye nyasi za kando ya mto Humber, Khalfan alipofungua kasha lake la barafu akatoa mishkaki ya musi, yule mnyama wa misitu ya kaskazini anayemzidi ng'ombe kwa kimo, mwenye pembe pana kama masinia. Ulisogea na sahani mbili. Ulikamulia ndimu, ukala, ukauliza kama kuna iliyobaki ya kubeba. Lakini alipoanza kukueleza habari za risasi iliyomwangusha mnyama yule, kwamba aliitengeneza kwa mkono wake, baruti akiipima kwenye mizani ndogo kama ya sonara, ghafla ukakumbuka kwamba mtoto wako analia kule kwenye bembea. Mtoto wako alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi.

Aliyebaki kumsikiliza ni Parin.

Parin alikuwa mkaguzi wa vipuri vya ndege katika kiwanda kimoja cha Weston, kile ambacho baadaye kilihama bila hata kuwaaga waliokijenga. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kutoamini. Kipande kikifika mezani na karatasi inayosema kiko sawa, yeye aliiweka karatasi kando akakipima kipande. Khalfan alikuwa fundi mashine kiwandani humohumo, na wote wawili walizaliwa Tanga, Parin katika familia ya Kiismaili yenye duka la vitambaa, Khalfan Ngamiani. Siku ile Parin alimuuliza Khalfan swali moja tu: kwa nini asinunue risasi dukani kama watu wengine.

"Ya dukani imeshonwa kwa bunduki ya kila mtu," Khalfan alijibu. "Kwani kila mtu ana mabega yako?"

Jibu hilo lilimwingia. Kabla ya majani kupukutika mwaka ule, Parin alikuwa na leseni na kigoda chake pembeni ya meza ya Khalfan. Risasi ni vitu vinne, alifundishwa: ganda la shaba, fataki (kile kidonge kilichopachikwa kitakoni mwa ganda kupokea pigo), baruti tumboni, na kichwa mdomoni. Vinne tu. Lakini ukikosea kimoja kwa unene wa unywele, shabaha ya mita mia sita inakutangaza mbele za watu. Parin aliupenda uchokozi huo kuliko hata uwindaji wenyewe. Hajawahi kumuua mnyama hata mmoja. Anachotaka ni kujua kwa nini.

Sasa mwenye bunduki ya kisa hiki. Huyo ni Jovito, Mgoa wa Nairobi, mkazi wa Mississauga, umri miaka sabini na minne. Baba yake alikuwa karani katika duka la silaha za wawindaji mpaka Mei ya mwaka sabini na saba, Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa na mistari minne, na jina lake lilikosewa. Jovito hajasahau, wala hakuna aliyempa sababu ya kusahau. Alipostaafu alimwendea fundi bunduki mmoja, Derek, akangoja miezi kumi na minne aundiwe bunduki moja ya kumfaa yeye: mtutu mrefu mzito, kitako kimechongwa kufuata shavu lake la kulia. La kulia, kwa sababu jicho la kushoto lilikwisha kufa kwa ugonjwa wa presha ya macho. Amebakiwa na hilo moja. Na mwaka huu, baada ya kuomba kibali cha musi dume mpaka karibu akate tamaa, alikipata. Wiki moja, mwezi wa kumi.

Aliyeitafutia bunduki hiyo chakula chake ni Khalfan. Kiangazi cha kwanza na cha pili alikwenda nayo uwanja wa shabaha, akajaribu uzito huu wa baruti na ule, akaandika kila kitu katika daftari la jalada la buluu: tarehe, herufi S na namba, uzito, mwendo wa risasi, kisha maneno mawili matatu ya kujisifu au kujilaani. Kurasa sitini na tatu. Baridi iliyofuata kiharusi kikampiga. Kilichukua mguu wa kulia na Kiingereza chote. Kiswahili kilikiacha kizima. Katika nyumba ya wazee aliyopelekwa, kule Agincourt, waliandika kwenye fomu yake neno moja: hasemi. Khalfan huyo, ambaye kiwandani walikuwa wakimpigia meza anyamaze. Ninyi wengine mlitia saini kadi, mkachora na ua.

Daftari lilimwangukia Amyn, mtoto wa dada yake Parin. Amyn ni mhandisi wa kompyuta, kijana mwangalifu aliyekulia Mississauga, anayesikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Aliliingiza daftari zima kwenye jedwali. Na kwa kuwa Khalfan hakuandika joto la siku, Amyn alichukua kila tarehe na kila saa, akaenda kwenye kumbukumbu za hali ya hewa, akajaza nyuzi zote moja moja. Kazi ya majuma matatu. Kisha akalituma kwa watu kumi na wanne wa kundi lao la simu, wote wakiwa na bunduki za aina hiyohiyo ya risasi na makopo ya baruti ileile.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba walikutana kwenye gereji ya Jovito, mahali meza ya Khalfan ilipohamishiwa. Amyn aliifungua kompyuta juu ya boneti ya gari.

"Masi, ona hapa." Neno hilo, la kumwita dada wa mama yake, ndilo pekee ambalo hakulitamka Kizungu. "Baruti hii ni ya ajabu. Asubuhi kukiwa na ubaridi, risasi inakwenda kasi. Alasiri joto likipanda, inachoka."

Parin alivua miwani. "Inachoka? Baruti?"

"Data ni data, Masi."

"Hata mimi alasiri nachoka," Jovito alisema huku akipangusa ganda kwa kitambaa, "na hakuna mtu huita mkutano."

Parin hakucheka. Aliuona mchoro wenyewe, nukta za samawati juu upande wa asubuhi, nukta nyekundu chini upande wa alasiri, zimejipanga kama wanafunzi wa gwaride. Siagi hulainika kwa joto. Unga huumuka. Hasira za watu hupanda. Kila kitabu alichowahi kusoma kilisema baruti ikipata joto huwaka kwa ghadhabu zaidi, zipo zinazobadilika sana na zipo zinazobadilika kidogo, lakini ya kurudi nyuma hakuwahi kuisikia. Baruti inayoogopa jua. Alihisi ule mwasho wa zamani wa meza ya ukaguzi, kipande kinapokuwa kizuri kupita kiasi.

"Daftari liko wapi?" aliuliza.

"Nimemrudishia mwenyewe, kwenye droo yake. Nina picha, lakini jedwali ni safi zaidi."

"Parin, bana," Jovito aliingilia, "nyinyi Watanzania mnaweza kujadili chai mpaka ipoe. Jumamosi ni joto la kufa. Mimi nataka kujua hii kitu inapiga wapi kwenye joto, kisha nijue inapiga wapi kwenye baridi, ndiyo nikutane na huyo musi nikiwa na akili. Jedwali linasema joto linaidhoofisha. Si tuiongezee?"

Na hapo Parin alikosea. Mwanamke aliyezikataa karatasi za watu miaka thelathini na moja aliipokea karatasi, kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri na aliyeiandika alikuwa mtoto wa dada yake. Waliongeza punje moja. Punje ndicho kipimo cha kazi hii, kitu kidogo mno. Punje kumi na tano na ushei ndiyo gramu. Bado walikuwa chini ya kikomo cha kitabu, na hilo lilimtuliza. Lakini kitabu kiliandikwa kwa mtutu wa mtu mwingine. Walijaza risasi ishirini, wakazilaza kisandukuni, na Parin akarudi kwake Weston na mwasho wake.

Ulimsumbua siku nzima ya Ijumaa. Alijaribu kuueleza kila namna: huenda mtutu ulikuwa mchafu kila alasiri, huenda kipima mwendo kilidanganywa na mwanga. Kila alichokisimamisha kilianguka. Jumamosi asubuhi Amyn alimpakia Jovito kwenye gari, maana jicho moja halikubaliani tena na barabara kuu, wakaelekea uwanjani, mwendo wa saa moja na nusu kaskazini ya mji. Parin akachukua chupa ya chai ya tangawizi akaenda Agincourt. Aliona afadhali amuulize mwenyewe.

Khalfan alikuwa dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Umechelewa," alisema. "Nakungoja tangu Idi."

"Si nilikuja Idi?"

"Ndiyo nakwambia. Tangu Idi."

Parin alimmiminia chai, akamshikia kikombe mpaka kidole chake kikakamata mkono wa kikombe. "Kaka Khalfan, ile baruti ya bunduki ya Jovito. Kwa nini inaogopa jua?"

"Nani kasema?"

"Namba zako."

"Namba zangu hazisemi upuuzi. Ile ukiipeleka kwenye joto inakuwa mbwa, inakuuma na wewe mwenyewe. Kwenye joto unaipunguza. Nimeandika humo."

"Umeandika kinyume, kaka. Asubuhi inakimbia, alasiri inatambaa."

Khalfan alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Na Parin akafikiri lile ambalo wewe ungelifikiri, tena upesi kuliko yeye: mzee kachanganyikiwa. Alikuwa ameshaanza kumpapasa bega, kule kupapasa kwa kufunga mazungumzo, mlango ulipofunguliwa akaingia Spéciose, mhudumu wa zamu, mama wa Kikongo ambaye ndiye pekee katika jengo zima aliyejua kwamba fomu ile ilikuwa ya uongo.

"Mama, utakula na papa? Chakula iko saa kumi na mbili, inabakia kidogo tu."

"Umemsikia?" Khalfan alimgeukia Parin, amefurahi kupata shahidi. "Kila siku ya Mungu. Jua liko utosini, huyu ananiambia saa kumi na mbili. Mimi nile chakula cha mchana na adhana ya Magharibi?"

Spéciose alicheka huku akinyoosha shuka. "Ye anagombanaka na saa yangu kila siku. Papa, kwetu Bukavu, midi, jua katikati, ni saa kumi na mbili. Angalia ku ukuta. Iko kumi na mbili. Mi nasoma ile naona."

"Hizo ni za Mbelgiji aliyewafundisha. Saa inahesabiwa tangu kunakucha. Ukutani kuna namba tu."

Parin aliitazama saa ya ukutani. Mishale yote miwili ilikuwa inakaribia kumi na mbili, na mchana ndio kwanza umesimama. Aliitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Spéciose alimuuliza kama yuko sawa.

Alifungua droo. Daftari lilikuwa chini ya soksi.

"Kaka Khalfan. Hapa umeandika S nane. Jua lilikuwa wapi?"

"Saa nane? Ndiyo kwanza linaanza kuinama. Joto la kuua nzi."

"Na hii S mbili?"

"Asubuhi. Nyasi zina umande bado. Kwani wewe umezaliwa Ulaya?"

Alipiga simu. Amyn hakupokea. Alipiga tena akiwa ameegemea ukuta wa korido, na tena. Kichwani alikuwa anayapanga yote, na yalijipanga kwa urahisi wa kutia aibu. Amyn aliona nane akaandika 08:00. Aliona mbili, akajua hakuna mtu anayelenga shabaha usiku wa manane, akaandika 14:00. Mtoto makini. Kila mchana wa Khalfan aliugeuza asubuhi, na kila asubuhi mchana, kisha akaenda kwenye kumbukumbu za hali ya hewa akavika kila kosa nyuzi zake kamili. Baruti haikuogopa jua. Iliogopwa, na mtu aliyeijua alikwisha kusema, na waliokaa wakamsikiliza walikuwa wawili katika mji mzima, mmoja akinyoosha shuka.

Mara ya nne Amyn alipokea.

"Masi, samahani, tulikuwa tumevaa viziba masikio."

"Daftari, Amyn. Ile S. Uliisoma nini?"

"Saa. S ni saa, Masi."

"Saa ya nani?"

Amyn alilirudia swali kwa mnong'ono. Halafu kwa mbali sauti ya Jovito: "Mwambie tunapiga tundu moja, tutampigia baadaye."

"Mpe Jovito simu. Sasa hivi."

"Parin," Jovito alisema, "unapiga simu mfululizo kama polisi wa trafiki."

"Umefyatua ngapi?"

"Mbili. Mama, sikiza. Zote mbili zimeingia tundu moja. Mita mia tatu. Moja juu ya nyingine."

"Bolti ilifunguka vipi?"

Bolti, lile komeo la chuma linalofunga mtutu kwa nyuma, hugoma presha ya risasi ikizidi. "Ngumu kidogo. Si bunduki bado ni mpya."

"Wiki jana haikuwa mpya?"

"Nimeipiga kwa kiganja, ikafunguka. Iko ya tatu ndani, niko tayari."

"Itoe."

"Wewe Parin, nimengoja hii..."

"Jovito, nisikilize. Tumeisoma saa kinyume. Joto linaipandisha, na sisi tumeiongezea juu ya joto. Elekeza mtutu kwenye shabaha, fungua bolti polepole, itoe hiyo ya tatu. Usiifyatue."

Alisikia pumzi yake. Parin alijua Jovito anachotazama: karatasi ile mbali na tundu moja katikati, zuri, la kwanza kupata tangu bunduki izaliwe. Risasi yenye presha kupita kiasi huweza kupiga vizuri sana kabla ya kuharibu. Hata hilo Khalfan alilisema pikiniki ile, na hakuna aliyesikia ila Parin.

Kisha mlio wa chuma, na kitu kikadondoka mezani.

"Nimetoa," Jovito alisema.

"Amyn, chukua yale maganda mawili yaliyotumika. Angalia fataki. Nisomee."

Amyn alisoma, sauti imeshuka, na safari hii alijibu kwa Kiswahili, akitafuta neno baada ya neno. "Ya kwanza... imelala. Imekuwa flati kama sarafu. Ya pili iko na tundu, Masi. Ndogo, kama ya sindano. Na nyeusi kando."

Fataki ikitoboka, moto wa baruti hurudi nyuma kupitia bolti, kuelekea uso wa mpigaji. Parin alikuwa amemfundisha Amyn hilo mwenyewe.

"Miwani ya kujikinga ya Jovito," alisema. "Iangalie."

Alisikia viatu kwenye kokoto. Alisikia Jovito akisema, "Niache bana, niko sawa."

"Kuna madoa," Amyn alisema. "Meusi, madogo. Upande wa kulia."

Parin alikaa sakafuni, palepale koridoni, akiwa na sketi yake ya Jumamosi. Spéciose alimletea maji bila kuuliza. Ndani ya chumba Khalfan alikuwa anamwambia mtu asiyemwelewa kwamba hali chakula cha mchana saa kumi na mbili.

Risasi kumi na nane zilizobaki walizivunja Jumapili kwenye gereji, moja moja, kwa ile nyundo ya plastiki inayokamata ganda na kukitikisa kichwa mpaka kitoke. Jovito alivunja zaidi ya nusu ya hizo. Hakufanya mzaha wowote mpaka ya kumi na tano, aliposema kwamba baba yake alipoteza kazi kwa barua ya mistari minne na yeye nusura apoteze jicho kwa herufi moja, kwa hiyo ukoo unapiga hatua. Kisha aliuliza watu wa Agincourt wanaruhusu wageni siku gani. Amyn alikuwa ametoka huko asubuhi ile. Alikaa na Khalfan kwa muda wa saa tatu, akamsomea kila ukurasa, na kila ukurasa akauliza jua lilikuwa wapi, na mzee akanyoosha mkono wake mzima kuonyesha: pale, pale juu zaidi, hapa limeegemea.

Jedwali sahihi lilikuwa tayari jioni. Nukta nyekundu zimepanda juu, mahali pake. Chakula halisi cha bunduki ya Jovito kilikuwemo ukurasa wa hamsini na nane, pamoja na maneno ya Khalfan pembeni: hii ndiyo, msiiguse.

Amyn alituma ujumbe kwa wale kumi na wanne, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwamba jedwali la kwanza lina saa zilizogeuzwa na yeyote aliyejaza risasi kwa kulifuata asifyatue hata moja. Wakajibu tisa. Wawili walikuwa wamekwisha kujaza. Mmoja alituma picha ya ganda ambalo fataki yake imebapa, bila neno lolote chini yake. Parin aliwapigia simu waliobaki. Aliacha ujumbe wa sauti. Aliwapigia na wake zao.

Watano hamjajibu. Alama inaonyesha mmeuona ujumbe. Msimu unakaribia, na joto la mwezi wa nane bado halijaja. Basi simama sasa hivi, ukiwa bado unasoma, nenda kwenye kabati, toa kile kisanduku, ukiweke mezani chini ya taa. Usihesabu ulipoteza saa ngapi kuzitengeneza. Zivunje zote. Halafu mpigie Amyn, umwambie kwa sauti yako, kwa lugha yoyote unayoweza: zilikuwa ngapi, na hakuna iliyobaki.